Mkojo Usiozuilika ni Maradhi, Si Fedheha

Katika basi litokalo Ikwiriri kwenda Mbagala, mama mmoja hukunja kanga mbili juu ya kiti kabla ya kuketi. Tangu jana jioni hajaonja maji. Arusini haendi tena, na sokoni huenda kwa haraka. Akiulizwa, husema ni uzee tu, ingawa hajafikia miaka 50.

Ndugu msomaji, mama huyo aweza kuwa dada yako au mzazi wako, nawe usijue.

Mkojo usiozuilika una sababu zaidi ya moja, na kila sababu ina tiba yake. Yuko mama atokwaye na matone akikohoa, akicheka au akijitwisha ndoo. Misuli ya chini ya nyonga imelegea, mara nyingi kwa ajili ya uzazi. Dawa yake ya kwanza ni mazoezi: aikaze misuli hiyo kana kwamba anazuia haja, ahesabu hadi 5, ailegeze, arudie mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi 3.

Wa pili hushikwa ghafula, asifike chooni, kwa kuwa kibofu chake hujikaza kabla ya wakati. Huyu ajizoeze kuchelewesha haja kidogo kidogo, apunguze chai na kahawa, lakini asijinyime maji. Yasipofaa hayo, ziko dawa za kumeza. Katika hospitali za Ulaya na Marekani iko pia tiba ya umeme hafifu: sindano nyembamba huchomwa karibu na kifundo cha mguu, nusu saa kila juma, kwa majuma 12. Mshipa wa fahamu upitao hapo huanzia chini ya uti wa mgongo, mahali itokapo mishipa iongozayo kibofu. Ukiamshwa huo, kibofu huweza kutulia. Si wote wanaopona, lakini wako wengi wanaopata nafuu.

Wa tatu hutokwa na mkojo usiku na mchana tangu alipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu. Hiyo ni fistula: kichwa cha mtoto kilibana nyama kati ya kibofu na njia ya uzazi hadi zikafa, pakabaki tundu. Hapo mazoezi hayatoshi, wala umeme haufai; tundu hushonwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Msasani, Dar es Salaam, imekuwa ikifanya kazi hiyo bila malipo, hata nauli ikitumwa kwa simu.

Basi, wewe ufanyaye kazi mjini, utakapokwenda nyumbani usipeleke sukari na kanga tu. Mwombe dada yako, au somo yake mama, amuulize kwa upole, wawili peke yao. Kisha mpelekeni kituo cha afya apimwe, maana hata kisukari na maambukizo ya njia ya mkojo huleta hali hiyo.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mama huyu amekwisha kuzaa. Sisi aliotuzaa tumsaidie asifiche tena.