Hodi Uluru

KIBARAZA CHA JUMAPILI
Na Mwanahawa Kombo

Kutoka Adelaide hadi mwamba wa Uluru, katikati ya Australia, ni kilomita 1,600 hivi. Kaka yangu aliyehamia huko alituchukua sote, mkewe, watoto wawili na mimi, tukaziendea siku nne tukilala hemani. Madumu ya maji yalijaza nafasi kubwa kuliko vyakula. Amri yake ilikuwa moja: gari likikwama, hakuna kuliacha ukaenda kwa miguu kutafuta msaada, maana jangwani gari huonekana kwa mbali na mtu haonekani. Kila siku, kabla jua halijazama, tulikuwa tumeshapiga hema. Jioni kangaruu hutoka kutafuta majani kando ya lami, na malori ya kule huvuta matela matatu hata manne.

Matangazo ya utalii huiita nchi ile tupu. Nayapinga. Waanangu, wenyeji wa asili wa pale, wameishi kuuzunguka mwamba huo tangu enzi na enzi. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali iliwarudishia hati ya ardhi yao, nao wakaikodisha iwe hifadhi ya taifa kwa miaka 99. Kwa muda mrefu waliwaomba wageni wasiupande mwamba, kwa kuwa ni mahali patakatifu. Bango la ombi lilisimama pale pale chini, watu wakalisoma, wakapanda. Njia ilifungwa kabisa tarehe 26 Oktoba 2019, na siku za mwisho foleni ya wapandaji ilikuwa ndefu ajabu.

Foleni ile inaniuma mpaka leo. Mwenye nyumba akuambie chumba hiki hakiingiwi, nawe ukimbilie kuingia kabla hajafunga mlango? Sisi tuliolelewa kupiga hodi mara tatu, na tusipoitikiwa turudi, tunajua huo ni utovu wa adabu. Kwa hiyo nawaambia wazazi wanaopanga safari kama hii: elezeni watoto wenyeji ni nani kabla hamjafika. Mkishafika, jicho la mtoto liko kwenye mwamba tu, mita 348 juu ya tambarare, mwekundu kama kaa la moto.

Tuliuzunguka kwa miguu, kilomita 10. Sehemu fulani mabango hukataza kupiga picha. Maelezo yake ni kwamba sura ya jiwe pale ni sawa na maandiko matakatifu, hutazamwa papo hapo tu. Mpwa wangu wa miaka 8 akaifunika kamera ya mama yake kwa kiganja.

Huko nyuma watu wameondoka na vijiwe, kisha wakavirudisha kwa posta vikiambatana na barua za kuomba radhi. Nilimsimulia hilo tukiwa tunakaribia gari. Akasimama, akatia mkono mfukoni, akatoa kijiwe chekundu.

"Shangazi, nilikiokota kule penye kivuli."

Tukarudi wawili, karibu nusu saa juani. Alipopaona, alipiga magoti, akakigeuzageuza mpaka akakumbuka upande uliokuwa chini.