Laptopu Yako Haijachoka, Diski Ndiyo Inayoikwamisha

Katika maduka ya tarakilishi ya Nakuru, kuanzia Kenyatta Avenue hadi vibanda vya Njoro karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, kuna hukumu inayotolewa kila siku bila kesi kusikizwa: "Mwalimu, hii laptopu imechoka. Tafuta nyingine." Mwalimu huitikia kwa kichwa, maana naye alikwishaamini hivyo kabla ya kuingia dukani. Kila asubuhi huiwasha, akaenda kuchemsha chai, akarudi na kukuta kile kiduara bado kinazunguka kwenye skrini. Chombo kinachojikokota namna hiyo, anajiambia, kimezeeka.

Naipinga imani hiyo. Katika laptopu nyingi zinazohukumiwa hivyo, kilichopitwa na wakati ni kipande kimoja tu, nacho ni diski ngumu inayozunguka. Kitoe, weka SSD, yaani diski isiyozunguka, mahali pake, na mashine ile ile itawaka kabla maji ya chai hayajapata moto. Anayeambiwa anunue nyingine bila kwanza kuambiwa hili anatozwa gharama ya ujinga ambao si wake.

Wanaotozwa tunawajua. Ni mwanafunzi anayesubiri pesa za mkopo wa HELB ziingie. Ni mwalimu wa Gilgil anayeandaa ripoti za darasa usiku, na karani wa ushirika wa maziwa kule Molo. Ni kijana wa Lanet anayenukuu sauti za wateja wa ng'ambo, ambaye kila dakika ya kungoja inamkata ujira. Wengi wao wana laptopu za mitumba zilizotoka katika ofisi za Ulaya: HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460 na nyinginezo za rika hilo, za mwaka 2016 hivi. Zilijengwa kwa kazi nzito za ofisini, na prosesa zake bado zina nguvu ya kutosha kuandika tasnifu, kupiga hesabu, kuingia mitandao ya serikali ya eCitizen na iTax, na kuonyesha video ya somo. Kwa nini basi zinalala?

Jibu liko katika mwendo wa chuma. Diski ngumu ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Ili isome faili moja, mkono wake lazima usogee hadi mahali faili ilipo, kisha usubiri sahani izunguke hadi sehemu hiyo ifike chini ya kichwa cha kusomea. Safari hiyo huchukua zaidi ya milisekunde kumi. Ni muda mdogo sana kwa binadamu, ila Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na diski ya aina hii huweza kutimiza maombi kama mia moja tu ya namna hiyo kwa sekunde. SSD haina sahani wala mkono. Huhifadhi data katika vipande vya silikoni, aina ya kumbukumbu iliyobuniwa na Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba katika miaka ya 1980, na hujibu maombi makumi ya maelfu kwa sekunde.

Fikiria mahakama yenye hakimu hodari na karani mmoja wa masjala anayekwenda chumba cha nyuma kuleta faili moja baada ya nyingine. Mlete hakimu mwingine mwenye shahada tatu, kesi hazitakwenda mbio zaidi. Hakimu ni prosesa, karani ni diski, na sisi tumekuwa tukimfukuza hakimu.

Asiyeniamini afanye jaribio mezani pake bila kulipa senti. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja laptopu inapokwama. Dirisha la Task Manager litafunguka. Ukiona diski imefika asilimia 100 huku prosesa ikiwa chini kabisa, umempata mshtakiwa halisi.

Chanzo cha kosa letu ni namna tunavyonunua. Mteja akiingia dukani huuliza maswali mawili: "Ni Core i ngapi?" na "Ina GB ngapi?" Akionyeshwa yenye diski ya TB 1 inayozunguka na nyingine yenye SSD ya GB 256 kwa bei moja, huchukua ya kwanza na kuondoka akijiona mshindi. Amehesabu ukubwa wa ghala akasahau kuuliza mlango wake ni mpana kiasi gani. Mwanafunzi ambaye nyaraka zake zote hazijazi hata GB 50 hana haja ya TB 1 itakayomsubirisha miaka minne ya masomo. Swali la kwanza linapaswa kuwa hili: diski yake ni ya aina gani?

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba SSD hufa haraka kwa sababu huandikwa mara chache ikaisha. Ni kweli kwamba seli zake huchakaa kwa kuandikwa, lakini tupige hesabu. Kingston A400 ya GB 240, mojawapo ya SSD za bei nafuu, ilitolewa na kiwanda chake ikiwa na kiwango cha kuandikwa TB 80. Mtu anayeandika GB 20 kila siku, na wengi wetu hatufiki hapo, atahitaji siku 4,000 kufikia kiwango hicho, karibu miaka 11. Wakati huo diski inayozunguka inasafiri ndani ya matatu ya Elburgon, kichwa chake kikielea juu ya sahani kwa umbali mdogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Ikipata kishindo ikiwa inafanya kazi, huo unaweza kuwa mwisho wake. Lililo kweli ni kwamba SSD ikifa huweza kufa ghafla bila kukoroma kwanza, kwa hiyo weka nakala ya kazi zako mahali pengine. Ila wajibu huo ulikuwepo hata kwa diski ya zamani.

La pili husemwa na wanaojiona wajuzi: kama si NVMe, ile aina ya SSD yenye kasi zaidi, usihangaike. Huu nao ni upotoshaji. Diski inayozunguka husoma faili kubwa kwa takriban MB 100 kwa sekunde, SSD ya aina ya kawaida, SATA, kwa takriban MB 550, na NVMe ya kizazi cha PCIe 3.0 inaweza kufika MB 3,500. Kwenye karatasi hiyo ya mwisho inatisha. Katika kazi za kila siku, mruko unaobadilisha maisha ni ule wa kutoka diski inayozunguka hadi SSD yoyote ya kweli. Tofauti kati ya SATA na NVMe ataihisi zaidi anayehariri video au kuhamisha mafaili makubwa. Mwandishi wa tasnifu hataiona sana.

La muhimu ni kununua inayoingia. Laptopu nyingi za rika nililotaja zina nafasi ya diski ya inchi 2.5. Humo huingia SSD ya SATA ya umbo hilo hilo, na yenye unene wa milimita 7 hutoshea karibu zote. Nyingine zina tundu la M.2, na hapo ndipo watu huliwa pesa zao: matundu mengine ya M.2 hupokea SATA pekee, mengine NVMe pekee, mengine zote mbili. Urefu nao hutofautiana, 2242 ikiwa ya milimita 42 na 2280 ya milimita 80. Soma mwongozo wa modeli yako, au fungua kifuniko cha chini uangalie, kabla ya kutoa pesa. Duka lisilokuuliza modeli ya laptopu yako kabla ya kukuuzia SSD halistahili pesa zako.

Jihadhari pia na bei ya miujiza. Zipo SSD bandia zilizoandikwa TB 2 ambazo ndani yake mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyobandikwa, na programu iliyochezewa ili iidanganye tarakilishi kuhusu ukubwa wake. Hupokea mafaili yako kwa adabu, kisha huyafuta ya mwanzo inapojaa. Programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux, huijaza SSD yote na kusoma tena kilichoandikwa. Ifanyie jaribio hilo kabla ya kuikabidhi kazi yako, na udai risiti. Rahisi ni ghali.

Halafu kuna woga wa kufungua mashine. Kazi yenyewe ni ya bisibisi na utulivu. Kwanza nakili kazi zako kwenye diski ya nje. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, hifadhi ufunguo wake wa kurejeshea. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, tenganisha betri, gusa chuma ili umeme tuli ukutoke mwilini. Toa diski ya zamani, sogeza mpya ndani ya soketi bila kulazimisha, rudisha skrubu. Ya M.2 huingizwa ikiwa imeinama kidogo, ikalazwa, ikafungwa kwa skrubu moja. Kama unataka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa, Clonezilla, ambayo ni ya bure, hunakili diski nzima hadi nyingine. Mradi mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Vinginevyo weka mfumo upya kwa flashi. Na usikubali kuuziwa leseni ya Windows kwa kisingizio kwamba diski imebadilishwa. Leseni iliyokuja na laptopu hutambulika kwa ubao mkuu, nao hujaubadilisha.

Siwezi kudai kwamba kila laptopu inaokolewa. Zile ndogo za bei ya chini ambazo hifadhi yake ni eMMC iliyochomelewa kwenye ubao hazina cha kubadilisha. Yenye RAM ya GB 2 tu isiyoongezeka itaendelea kuhema. Ubao ukiungua, umeungua. Betri iliyovimba ishughulikiwe kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu ni hatari. Ila hizi ni sababu zinazotajika na kuonekana. "Imechoka" haitaji chochote.

Pingamizi zito kuliko yote ni la Windows. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hudai, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita. Je, ndiyo imekufa? Hapana. Linux Mint na Ubuntu ni za bure, zinapata masasisho ya usalama, na vivinjari vyake hufungua eCitizen, iTax na barua pepe kama kawaida. Kuna kujifunza kidogo siku za mwanzo. Lakini kuiacha Windows 10 ni uamuzi wa kampuni moja kuhusu programu yake, na chuma kilicho mezani kwako hakikupungua nguvu usiku ule.

Tukumbuke pia ninachokiona kuwa deni letu kwa Bonde hili la Ufa. Duniani kote, takataka za vifaa vya umeme zilifika tani milioni 62 mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Wapo wanaosema laptopu mpya hutumia umeme kidogo, hivyo ni rafiki wa mazingira. Hoja hiyo ina uzito mdogo sana hapa kwetu. Chanzo kikubwa zaidi cha umeme wa Kenya ni mvuke wa ardhini, na mitambo ya Olkaria iko ndani ya kaunti hii hii, upande wa Naivasha. Uchafuzi mwingi wa laptopu hutokea kiwandani kabla haijawashwa hata mara moja. Kwa hiyo kila tunapoitupa iliyo nzima tunaagiza uchafuzi mpya huko, na tunaongeza madini ya risasi na plastiki katika jaa la Gioto hapa. Jiji la Nakuru, lililopata hati yake tarehe 1 Desemba 2021, lenye ziwa ambalo lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani mwaka 1990, halina sababu ya kuishi hivyo. Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao.

Basi nadai mambo matatu. Fundi, kabla hujatamka "imechoka", onyesha mteja Task Manager na umtajie bei ya SSD; utapata ujira wa halali na atarudi na jirani yake. Wakuu wa shule, vyuo na idara za kaunti, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inawataka muwe na kamati ya kuamua mali ipi iondolewe. Kamati hiyo isitie sahihi kuhusu tarakilishi yoyote kabla ya fundi kuandika ina diski ya aina gani na kama ilijaribiwa kwa SSD. Na diski zinazotolewa zifutwe data kikamilifu, kwa sababu majina na alama za wanafunzi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Nawe mwenye laptopu, ukiambiwa imezeeka, uliza ni kipande gani kilichozeeka. Asiyeweza kulijibu swali hilo hana haki ya kukuuzia nyingine.