Panya wamepewa vitamini, mgonjwa wa Minembwe bado anangoja kidonge

Kuna swali linalorudi mara nyingi redioni: ni kweli vitamini zinaponyesha kifafa? Wanaouliza wamesikia kwamba watafiti wamechanganya vitamini na dawa ya kifafa, degedege ikapungua. Habari hiyo si uongo. Lakini waliotibiwa ni panya.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Maabarani, panya hupigwa sindano ya kemikali inayoleta degedege, ao wanapitishiwa umeme. Kundi moja linapewa dawa peke yake, lingine vitamini peke yake, kwa mfano C ao E, na lingine vyote viwili. Kisha watafiti wanahesabu wangapi wameanguka na kwa muda gani. Katika baadhi ya majaribio, waliopata vyote viwili walikuwa na nafuu zaidi. Ni hatua ya kwanza tu. Panya wa sindano si sawa na mtoto aliyeanza kuanguka baada ya malaria kumpanda kichwani, ao aliyechelewa kulia siku ya kuzaliwa. Na mambo mengi yanayofaulu kwa panya hushindwa kwa watu.

Hapa kwetu Kongo, kule Ituri, katika zoni ya afya ya Logo, jaribio lilifanywa kwa wagonjwa wenyewe. Huko kifafa kingi kinafuatana na ugonjwa wa upofu wa mto, ule unaoletwa na nzi wadogo weusi. Watafiti waliongeza ivermektini, dawa ya ugonjwa huo, juu ya dawa ya kifafa. Angalieni vizuri: juu yake. Hakuna mgonjwa aliyeambiwa aache kidonge.

Kidonge hicho ni fenobarbitali, ambacho wengi wetu tunakiita Gardénal. Kinatumika kwa kifafa tangu mwaka wa 1912, bei yake ni ndogo, na kiko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima. OMS inasema kufikia watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa vizuri. Katika nchi maskini, watatu kati ya wanne hawapati matibabu hayo. Kwa hiyo mimi sioni kwamba shida yetu ni kukosa uvumbuzi mpya. Shida yetu ni barabara ya kutoka Baraka, bunduki zilizo katikati, na familia inayotoka usiku na watoto mgongoni, dawa ikabaki nyumbani.

Kuacha fenobarbitali ghafla ni hatari kuliko watu wanavyofikiri. Degedege inaweza kufuatana moja baada ya nyingine bila mgonjwa kuamka, na hiyo inaua. Na katika kibanda cha wahamiaji moto uko hatua moja kutoka kwenye mkeka.

Vitamini zina nafasi yake, sikatai. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza izoniazidi anaweza kupungukiwa B6, na kuna watoto wachache wanaozaliwa na kifafa kinachosikia B6 tu. Fenobarbitali yenyewe, ikitumiwa miaka mingi, inaweza kupunguza vitamini D na folati mwilini, kwa hiyo mama mwenye mimba amwambie muganga mapema. Lakini B6 nyingi sana imeonekana kushusha kiasi cha fenobarbitali katika damu ya baadhi ya wagonjwa, na inaweza kuharibu mishipa ya fahamu. Anayewauzia kopo la vitamini sokoni hatawaambia hayo.

Wanaopakia ndege na mizigo ya misaada kuja Minembwe, naomba fenobarbitali isihesabiwe kama dawa ya baadaye. Wanaoshika silaha, wa upande wowote, waache dawa zipite. Mgonjwa wa kifafa hana kundi.

Nanyi wenye mgonjwa nyumbani: mwambieni muganga vikiwa vimebaki vidonge vya wiki mbili, msingoje viishe. Kama mnakimbia, bebeni hata karatasi tupu ya dawa, ili kituo cha afya mtakachofikia kijue jina la dawa na kipimo chake.