Kansa za virusi: wagonjwa wetu wanaandikwa wapi?

Tuchukue mfano wa mama wa Bunia mwenye kansa ya mlango wa kizazi. Familia inauza ngombe, anapelekwa Kampala. Kule iko rejista ya kansa tangu 1954, lakini inahesabu wakaaji wa Kampala na eneo la Kyadondo tu. Yeye ni mgeni, hahesabiwi. Huku kwetu hakuna rejista inayofunika nchi nzima. Akifariki, kwenye takwimu ni kama hakuugua.

Juu ya nini tunaisema? Kansa nyingi za Afrika zinatoka kwa virusi, na virusi vingine vina chanjo. HPV inaleta karibu kansa zote za mlango wa kizazi. Hepatiti B na C zinashambulia ini. Mwaka 2018, duniani kote, HPV ilikadiriwa kuleta kansa mpya 690,000, na hepatiti B 360,000.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unachukua wagonjwa walioandikwa, unazidisha na sehemu inayotokana na virusi. Kwa ini, lazima kwanza kupima damu ya wagonjwa, sababu wengine waliharibiwa na pombe ao na aflatoksini, ile sumu ya kuvu kwenye karanga na mahindi.

Kampala waliona faida. Kansa ya Kaposi ilipopanda pamoja na UKIMWI mpaka ikashika nafasi ya kwanza kwa wanaume, daftari la zamani lilikuwepo la kulinganisha.

Kwa Kongo, namba za GLOBOCAN, zinazotoka shirika la IARC kule Lyon, ni makadirio yanayoegemea nchi jirani. Si uongo, lakini si sisi. Na iko shida ingine ambayo wengi hawaigusi: hata tukiandika wagonjwa wote, tutawagawa kwa wakaaji wangapi? Sensa yetu ya mwisho ni ya 1984!

Kwa maoni yetu, ianze na mji mmoja: maabara zote, daftari moja, umri, aina ya kansa, namna ilivyopimwa, na avenue anayoishi mgonjwa. Bila anwani, tutahesabu tu waliofika na kulipa. Na wale wanaofia nyumbani? Kampala makarani wa rejista wanapita wodi kwa wodi kutafuta majina. Kwetu itabidi wafike mpaka kwa wakuu wa avenue.