Ndege ya Kupaa Kutoka Paa la Ofisi? Tulia Kwanza

Mmeziona hizo video. Bosi wa suti anapanda lifti hadi juu ya jengo, anaingia kandege keupe kasiko na kelele, kanapaa wima kama chopa, halafu kanachapa mbio kama jeti. Kwenye maoni kila mtu ni "buda, 2030 hii iko Westlands." Mimi nasema hivi: ndege ya kupaa wima inawezekana, na zimeshapaa kitambo. Biashara yake ndiyo haijashika.

Shida inaanzia kwa uzito. Ndege ya kawaida ikishafika juu inabebwa na mabawa, kwa hivyo injini inasukuma kwa nguvu kama sehemu moja ya kumi hivi ya uzito wake. Sasa iambie ipae wima. Hapo mabawa hayasaidii kitu; injini lazima zibebe uzito wote. Yaani unanunua nguvu kubwa ya kutumia dakika mbili tatu, kisha unaizungusha nayo safari nzima kama mzigo. Ni kama kununua lori kwa sababu unahama nyumba mara moja kwa mwaka.

Chopa hupunguza hiyo gharama kwa mapanga makubwa yanayosukuma hewa nyingi polepole, lakini mapanga hayo hayo ndiyo yanaifanya isiwe na mbio. Lilium ya Ujerumani ikachagua kinyume: feni ndogo thelathini na kitu, zote za betri. Enyewe ilikuwa inapendeza. Mwaka 2019 waliahidi safari ya kilomita 300, baadaye ikashuka hadi 175. Pima kwa ramani yetu: kutoka Nairobi ukielekea Mombasa, ahadi ya kwanza inakuacha Voi. Ya pili inakushukisha Kibwezi. Oktoba 2024 kampuni ikatangaza haina pesa, ikapata mwokozi, Februari 2025 ikaanguka tena, bila kubeba abiria hata mmoja.

Wala si uzembe. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati karibu mara 40 ya kilo moja ya betri. Hata ukitoa ile inayopotea kama joto kwenye injini, pengo bado ni kubwa mno. Na mafuta yakiisha njiani ndege inakuwa nyepesi. Betri inatua na uzito ule ule iliopaa nao.

Basi si watumie mafuta? Wametumia. AW609 ya kampuni ya Leonardo, Italia, inapinda mapanga yake kutoka juu hadi mbele, inabeba hadi abiria tisa, na mbio zake ni karibu kilomita 500 kwa saa. Ilipaa mara ya kwanza 2003. Miaka 20 ikapita na bado haikuwa na cheti cha kubeba abiria. Katikati hapo, 2015, moja ilianguka kwenye majaribio ikaua marubani wawili. Kuwa chopa na ndege kwa mwili mmoja ni kurithi shida za wote wawili.

Halafu sisi tuko juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mapanga yanashika kidogo, kwa hivyo zile namba tamu za matangazo zinapungua kabla hata hujapakia mizigo. Na hayo mapaa? Mwaka 1977, New York, gurudumu la helikopta lilivunjika juu ya jengo la Pan Am. Watu wanne walikufa pale juu, na mwanamke mmoja akauawa na kipande cha panga kilichoanguka hadi barabarani. Huduma ya pale ikafungwa. Huyo wa chini hakuwa amekata tiketi.

Mahali ningekubali hiyo gharama ni moja: mgonjwa. Lodwar iko kilomita 500 hivi kutoka Nairobi, na kijiji kinaweza kuwa masaa kadhaa kwa gari kutoka kwa uwanja wa ndege. Ndege inayotua kando ya zahanati na kufika hospitali ya Nairobi bila kubadilisha chombo, hiyo hata kodi yangu chukueni. Lakini video za hivyo sizioni.

Chenye tumesikia ni hiki: mwaka 2022 Fahari Aviation, tawi la Kenya Airways, ilitia saini barua ya nia na Eve ya Brazil kwa hadi ndege 40 za umeme. Barua ya nia si oda, na ndege zenyewe zimeundwa kwa safari ya kilomita 100 hivi. Nakuru hazifiki. Zinachofaa ni JKIA hadi mjini, njia ambayo watu walewale wenye haraka na pesa walishajengewa Expressway ya kilomita 27.