Gari dogo la mtumba: Nafuu ya kununua, mzigo wa kumiliki

NI vigumu siku hizi kupita katika mtaa wowote wa watu wa kipato cha wastani jijini Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru bila kukutana na Toyota Vitz, Mazda Demio, Honda Fit au Nissan March. Magari haya madogo yaliyotumika nchini Japani ndiyo yaliyomfungulia mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara mdogo mlango wa kumiliki gari kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, yanayosimuliwa na wamiliki baada ya miaka miwili au mitatu barabarani yanadhihirisha kwamba bei ya kununua ni sehemu tu ya gharama. Aidha, sera za serikali kuhusu ushuru zimekuwa zikipunguza nafuu hiyo mwaka baada ya mwaka.

Sifa ya kwanza inayotajwa na karibu kila mmiliki ni ubanifu wa mafuta. Chukua mfano wa mfanyakazi anayesafiri kilomita 40 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Akiwa na gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita, atahitaji takriban lita 59. Akiwa na gari kubwa linalokwenda kilomita 8 kwa lita, atahitaji lita 110. Iwapo lita moja ya petroli ni Sh180, tofauti ni zaidi ya Sh9,000 kila mwezi. Haishangazi basi kwamba bei ya petroli ilipopita Sh200 jijini Nairobi mnamo Septemba 2023, wengi waliokuwa na magari makubwa waliyatazama haya madogo kwa jicho jipya.

Lakini waswahili walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Gari linaloitwa jipya kwa sababu limeshuka melini Mombasa limekwisha kutumika kwa miaka kadhaa. Wajapani huliuza mapema kwa kuwa ukaguzi wa lazima nchini mwao, unaofanywa miaka mitatu baada ya usajili wa kwanza na kila baada ya miaka miwili, huwa ghali kadiri gari linavyozeeka. Likifika Kenya, hukutana na mashimo, vumbi na matuta ambayo halikuundiwa. Kwa sababu hiyo, malalamiko ya kwanza ya wamiliki huhusu shokomzoba, bushi na viungo vya usukani, pamoja na tumbo la gari kukwaruzwa na matuta linapobeba watu watano.

Lawama ya pili ni udhaifu wa injini milimani. Vitz yenye injini ya sentimita za ujazo 996 ina silinda tatu pekee. Mjini inatosha kabisa. Ikijazwa abiria na mizigo kupanda Limuru au Mau Summit, dereva hulazimika kuzima kiyoyozi na kusahau kulipita lori lililo mbele yake. Anayesafiri mashambani mara kwa mara hushauriwa kutafuta injini ya sentimita 1,300 au 1,500, ambayo tofauti yake ya mafuta si kubwa mno.

Tatizo ghali zaidi, hata hivyo, ni gia. Mengi ya magari haya yana gia za kujiendesha za aina ya CVT, ambazo hutumia mkanda wa chuma badala ya meno ya kawaida. Gia hizi huhitaji mafuta yake maalumu. Fundi asiyejua akimimina mafuta ya gia za otomatiki za kawaida, gari huanza kutetemeka linapoondoka, kisha gia huharibika kabisa. Mmiliki hujikuta Kirinyaga Road akisaka gia kuukuu kwa makumi ya maelfu ya pesa, ilhali angetumia sehemu ndogo ya fedha hizo kubadilisha mafuta yanayofaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Waliojaribu kugeuza gari dogo kuwa kitega uchumi wana kisa chao. Uber ilipoingia Nairobi mwaka 2015 na kampuni nyingine kufuata, wengi walichukua mikopo kununua Vitz na Demio. Ifikapo Julai 2018, madereva walikuwa wamegoma wakilalamika kwamba nauli zilizowekwa hazikutosha kulipia mafuta, matengenezo na mikopo. Gari linalozunguka mjini mchana kutwa huchakaa haraka kuliko linalopeleka mtu kazini na kumrudisha.

Upande wa serikali, mnunuzi wa gari dogo ameumizwa zaidi ya mara moja. Mnamo Desemba 2015, ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 uliondolewa, na kila gari lililozidi umri wa miaka mitatu likatozwa Sh200,000 bila kujali thamani. Gari lililokadiriwa kuwa la Sh300,000, ambalo lingelipa Sh75,000, lilitozwa karibu mara tatu ya kiasi hicho. Gari la kifahari la Sh4 milioni, ambalo lingelipa Sh1 milioni, likapata nafuu ya Sh800,000. Mlalahoi alimlipia bwanyenye. Kanuni hiyo ilibatilishwa mwaka 2016 baada ya malalamiko mengi.

Mnamo Julai 2023 ushuru wa forodha ukapandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Kwa kuwa ushuru mwingine hukokotolewa juu ya huo, gari hilo la Sh300,000 liliongezewa takriban Sh42,000, mbali na athari ya shilingi iliyoshuka hadi takriban 160 kwa dola mapema mwaka 2024. Mwaka huo huo, pendekezo la kutoza kila gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, kwa kiwango cha chini cha Sh5,000, liliondolewa mnamo Juni kutokana na upinzani wa wananchi.

Kuna jambo jingine ambalo halijazungumziwa vya kutosha. Sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Jina Demio lilikoma nchini Japani mwaka 2019, na Vitz mwaka 2020 ilipogeuzwa kuwa Yaris. Maana yake ni kwamba kuanzia mwaka 2028 hakuna Vitz itakayoshushwa Mombasa. Warithi wake wana mitambo mingi zaidi ya kielektroniki, ni ghali zaidi, na gereji nyingi za jua kali hazina vifaa vya kuwapima. Fit ya umeme na petroli iliyozinduliwa mwaka 2013, ambayo iliitwa mara kadhaa irekebishwe gia na programu zake huko Japani, ni kielelezo cha ugumu huo.

Mnunuzi mwenye busara atatenga fedha za matengenezo kabla ya kutoa zote kwa muuzaji, atapeleka fundi wake mwenyewe kulikagua gari, na atalinganisha kilomita zinazoonyeshwa na cheti cha ukaguzi kutoka Japani. Serikali nayo haina budi kuamua iwapo gari la namna hii ni anasa ya kutozwa kila kukicha, au ni chombo cha kazi kwa Mkenya ambaye usafiri wa umma haujamfaa.