Simu ya Mwalimu na Vyombo vya Jirani



Katika mikutano ya parokia zetu, kila tunapozungumzia shule, neno moja hurudi: simu. Wazazi wengine husema kwamba mwalimu wa shule ya msingi anayeingia darasani na simu amekwisha kuwatupa watoto, maana macho yake yatakuwa kwenye kioo badala ya kuwa kwenye madaftari yao. Wengine, na hasa ninyi vijana, husema kinyume: shule zetu zimeachwa nyuma, wala hazitapiga hatua mpaka mfadhili fulani alete masanduku ya kompyuta. Maoni hayo mawili yanapingana, lakini yanafanana kwa jambo moja: yote yanakitazama chombo na kumsahau mwalimu. Sisi tunaofundisha katekisimu na kuwaandaa walimu twaona hivi: simu ina nafasi katika kazi ya mwalimu, na nafasi yake kubwa ni jioni, kabla ya somo. Tena twaona kwamba walimu wetu wengi hawataipata nafasi hiyo pasipo msaada wenu.

Tulitazame kwanza darasa jinsi lilivyo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na kwamba katika shule za umma ni ya bure. Kwa miaka mingi neno hilo lilibaki kwenye karatasi. Wazazi ndio waliochangia malipo ya mwalimu, na mtoto ambaye hakulipiwa alirudishwa nyumbani. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kulitekeleza. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi au kuanika dagaa ufukoni huku wenzao wakisoma waliingia shuleni. Lilikuwa jambo la haki, nasi tulilifurahia. Lakini kuta hazikupanuka kwa kadiri ya watoto walioingia. Leo si ajabu kukuta watoto themanini, pengine mia, mbele ya mwalimu mmoja. Watoto wanne kwenye benchi la wawili. Kitabu kimoja cha kusomea, nacho kiko mkononi mwa mwalimu. Ubao uliofifia rangi, na chaki zinazotolewa kwa kuhesabiwa. Kwingine kundi moja husoma asubuhi, na jingine huingia mchana katika chumba kilekile, na vumbi lilelile.

Shule nyingi za namna hiyo ni zetu. Mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za misioni. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya mapatano na Makanisa, ikayarudishia usimamizi wake. Ndiyo maana mwalimu wa shule ya Kikatoliki anapaswa kulipwa na serikali, huku shule yenyewe ikiwa imekabidhiwa kwa Kanisa. Na Kanisa si askofu na mapadri peke yao. Ni sisi sote tuliobatizwa. Kijana asemaye kwamba shule ile pale nyuma ya kanisa haimhusu kwa sababu yeye amekwisha kuimaliza, anajitenga na mali ya familia yake mwenyewe.

Sasa tuione kazi ya mwalimu mwema. Yeye huanza kabla ya kengele. Jioni hufungua daftari la maandalio, akaandika lengo la somo, maswali atakayouliza, vitu atakavyoonyesha na mazoezi atakayotoa. Tuseme kesho anafundisha sehemu za namba katika darasa la nne: nusu, robo, theluthi. Ikiwa hana kitabu wala mtu wa kumwuliza, atayarudia maneno aliyoyasema mwaka jana, na watoto ambao hawakuelewa mwaka jana watakuwa na wenzao mwaka huu. Lakini akiwa na simu yenye moto na mega kidogo, anaweza kuona jinsi walimu wengine wanavyolieleza jambo hilo. Anaweza kumwandikia mwenzake aliye Kabalo au Kongolo: wewe ulifanyaje? Anaweza kusikiliza jinsi neno la Kifaransa linavyotamkwa kabla ya kulitamka mbele ya watoto. Asubuhi anaingia darasani na muhogo mmoja, kisu, na kamba aliyoikunja mara nne. Watoto hawakuiona ile simu, lakini faida yake imewafikia hata wale wa benchi la mwisho.

Yafaa tuseme pia kwamba vinavyopatikana katika simu si chakula kilichokwisha kuiva. Masomo mengi yaliyomo yameandikiwa watoto wa Ulaya. Yamejaa theluji, treni zipitazo chini ya ardhi, na matunda ambayo mtoto wa Moba hajapata kuyaonja. Mwalimu mvivu huyanakili jinsi yalivyo, na mtoto hujifunza kwamba elimu ni mambo ya watu wengine. Mwalimu mwema huyapika upya. Hesabu ya mabehewa ya Paris huigeuza kuwa hesabu ya makopo ya unga sokoni, au ya mitumbwi inayorudi alfajiri kutoka ziwani. Katika hilo tunaye mtangulizi. Padri Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, aliyekuwa Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kupewa upadri, tarehe 21 Julai 1917, alijifunza kusoma na kuandika kwa wamisionari. Kalamu ilikuwa chombo kutoka mbali, na Kifaransa kilikuwa lugha ya wageni. Lakini kuanzia mwaka 1910, maandishi yake yalipochapishwa, alikuwa ameitumia kalamu hiyo kueleza fikra za watu wake mwenyewe. Chombo kilikuwa cha kigeni, na neno lilikuwa letu. Hivyo ndivyo tunavyotaka simu itumike.

Mbona basi twasema jioni, na si darasani? Kwa sababu kioo cha simu ni kidogo kuliko kiganja cha mtu mzima. Mwalimu akiinua simu mbele ya watoto themanini ili kuwaonyesha picha, kumi wataona, na sabini watasukumana. Ubao huonekana na wote, hauhitaji umeme, na mtoto mwenye haya anaweza kuitwa akaandike juu yake, akapigiwa makofi. Tukumbuke pia mwezi wa Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Masomo yalipitishwa redioni, na redio ilifika mahali ambapo intaneti haifiki. Tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini redio haikuweza kumwona mtoto anayeshika kalamu vibaya, wala kutambua kwamba Amisi ananyamaza leo kwa sababu hakula jana. Mwalimu huyaona hayo. Hakuna chombo kinachomjua mtoto kwa jina lake.

Hapa twafika penye uchungu wa jambo hili. Simu hiyo ya maandalio ni mali ya mwalimu mwenyewe. Aliinunua kwa mshahara mdogo, na mwalimu wa kijijini pengine husafiri siku nzima kwenda kuupokea, akitumia sehemu yake kwa nauli. Mega hununua mwenyewe. Mahali pasipo umeme hulipa kibandani ili kuichaji, na fedha hiyo ingenunua chumvi au sabuni ya nyumbani. Kwa hiyo tunapowaambia walimu watumie teknolojia, mara nyingi tunawaambia wanunulie watoto wa taifa elimu kwa ugali wa watoto wao. Na hayo yanatendeka katika nchi ambayo kobalti yake imo katika betri za dunia nzima. Katika mkoa wetu huu wa Tanganyika, ardhi ya Manono ina bati, koltani na akiba kubwa ya lithiamu. Madini hutoka kwetu, na mwalimu wetu huketi gizani na simu iliyozimika. Jambo hilo ni dhuluma, nasi tuliite kwa jina lake.

Mtu atatuambia: basi hilo ni deni la serikali, vijana wakianza kulisaidia darasa, wataisamehe serikali deni lake. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Kwa miaka mingi wazazi walibeba mzigo usio wao, na aliyepaswa kuubeba akazoea kutembea mikono mitupu. Lakini mtoto aliye darasa la pili leo hatangoja. Mwaka huu ndio mwaka wake wa kujifunza kusoma. Usipotumika, haurudi, hata kama baadaye haki yote italipwa. Kwa sababu hiyo twafanya mambo mawili kwa pamoja: twadai kwa sauti kwamba kifungu cha 43 kitimizwe kwa mishahara, vitabu na madarasa, na tunapodai, twamshika mkono mwalimu aliye jirani nasi.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha namna ya kuanza. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mjane mwenye deni alimlilia nabii Elisha. Nabii hakumwambia angoje msaada kutoka mbali. Alimwuliza ana nini nyumbani mwake, naye alikuwa na mafuta kidogo tu. Ndipo nabii akamtuma kwa jirani zake wote aazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Akamimina, na mafuta yakaendelea kutoka mpaka chombo cha mwisho kikajaa. Angalieni vizuri: mafuta yalisimama pale vyombo vilipokwisha. Mwalimu wetu anayo mafuta kidogo: ujuzi wake, sauti yake, upendo wake kwa watoto. Jirani wenye vyombo ni ninyi.

Na vyombo mnavyo. Karibu kila kikundi cha vijana kina simu kadhaa, ambazo usiku hutumika kwa vichekesho na mechi za Ulaya. Basi twapendekeza mambo matatu ambayo kikundi chochote kinaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili.

La kwanza: pale ambapo parokia ina paneli ya jua, walimu wa shule ya jirani wapewe siku ya kuchaji simu zao bila malipo, na kikundi kichange mega kwa ajili ya maandalio. Senti tunazozitupa kwa mambo ya kupita zinatosha kuanza.

La pili: mwulizeni mwalimu ni picha gani anaihitaji ukutani, kisha muichore. Gunia la unga lililofuliwa na kupakwa rangi linatosha kubeba ramani ya Kongo, herufi kubwa za darasa la kwanza, au jedwali la kuzidisha. Mchoro wa namna hiyo utadumu kuliko betri yoyote.

La tatu: sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha zetu za taifa kuwa lugha za kufundishia, lakini hadithi za Kiswahili zinazomfaa mtoto wa miaka saba ni adimu katika shule zetu. Wazee wetu wanazo. Nendeni na simu zenu, mwaombe ruhusa, mrekodi ngano za babu na bibi, kisha mziandike kwa mwandiko safi na kumkabidhi mwalimu. Mkifanya hivyo, mtampa mtoto kitabu na kumwokolea kijiji kumbukumbu yake.

Tunaongeza katazo moja. Msimpige mtoto wa shule picha anapolia, anapokosea kusoma au anapokuwa na nguo iliyochanika, mkaisambaza ili watu wacheke au wamhurumie. Mwalimu asifanye hivyo, wala ninyi msipokee na kupeleka mbele picha hizo. Umaskini wa mtoto si mchezo wa watu wazima, na uso wake ni sura ya Mungu.

Tarehe 2 Februari 2023, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko alizungumza na vijana na makatekista katika uwanja wa Mashahidi. Aliwaalika watazame mikono yao, akakipa kila kidole fundisho: sala, jumuiya, uadilifu, msamaha, na mwishowe kile kidole kidogo, utumishi. Mkono huohuo ndio unaoshika simu. Kidole gumba chenu kimezoea kupitisha picha juu ya kioo. Sasa kidole kidogo nacho kipate kazi.

Basi mkutano wenu ujao usiishie kwa sala ya kufunga peke yake. Chagueni wawili miongoni mwenu waende kwa mwalimu wa darasa la kwanza au la pili wa shule iliyo karibu, wamsalimu kwa heshima, na wamwulize swali moja tu: mwalimu, kesho unafundisha nini, na umekosa nini? Kisha mrudi na jibu lake, mgawane kazi.